Oliver Nelson na vipimo 12: kuisikiliza albamu ya mtu anayepanga muziki

Mwombe mpenzi yeyote wa jazz akutajie albamu ya Oliver Nelson, naye atakutajia The Blues and the Abstract Truth, iliyorekodiwa Februari 1961. Iweke, kisha kaa umsubiri mwenye albamu. Utasubiri sana. Kipande cha kwanza, Stolen Moments, kinafunguliwa na ala nne za kupuliza zinazotembea pamoja bila haraka. Anajitokeza Freddie Hubbard na tarumbeta yake, anasema yake yote. Anamfuata Eric Dolphy na filimbi. Ndipo anapoingia Nelson na saksafoni ya tena (ndiyo tenor, ya sauti ya kati), wa tatu kwenye foleni ndani ya albamu yake mwenyewe, na hata akishaingia haleti vurugu. Anapuliza fungu dogo la sauti, analirudia, analisogeza kidogo, analirudia tena. Kisha anampisha Bill Evans kwenye piano, ala nne zinarejea, na kipande kinakwisha.

Kwa aliyezoea kwamba mwenye jina kwenye jalada ndiye atakayesikika kuliko wenzake, jambo hili linachanganya. Wapo wanaohitimisha kwamba albamu hii kwa kweli ni ya Hubbard na Dolphy, na Nelson alikuwa mwenyeji tu aliyewakaribisha wakubwa. Sikubaliani nao. Kila wanachokifanya hao wawili kimewezeshwa na uamuzi uliofanywa kwenye karatasi kabla hawajafika studio. Tatizo ni kwamba kazi ya mpangaji wa muziki haina mahali pake maalumu ambapo msikilizaji anaweza kusema, naam, huyo hapo.

Niondoe kwanza mkanganyiko mwingine, ulio wa kwetu. Aliyekulia Morogoro, Tabora, Dar es Salaam au Kinshasa anajua jazz kama jina la bendi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, OK Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na muziki wa dansi, na zilipiga vizuri mno, lakini jina lilikuwa la kuazima. Jazz ya Nelson ni ile ya Wamarekani weusi, iliyochipukia New Orleans ikasambaa kupitia St. Louis, Kansas City, Chicago na New York, na ambayo roho yake ni mtu kubuni melodi papo hapo juu ya mzunguko wa kodi ambao wenzake wote wanaujua. Kodi hapa ni zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa mpigo mmoja, kama mpiga gitaa la rhythm anavyozishika, si za mamlaka ya mapato.

Katika muziki huo kuna kazi tatu. Mtunzi analeta melodi na kodi zake. Mpangaji anaamua nani apige nini na lini: tarumbeta ishike melodi au iache saksafoni ishike, baritoni ikae chini kabisa au ipande iungane na wenzake, wapi bendi nzima inyamaze ili mtu mmoja abaki na besi na dramu. Mpiga solo anapewa nafasi na kuijaza kwa alichonacho siku hiyo. Mara nyingi kazi hizi huwa na watu tofauti, na sifa zote humwendea wa tatu. Nelson alizifanya zote tatu, na ndiyo maana hasikiki kirahisi. Amejigawa.

Alizaliwa St. Louis, Missouri, tarehe 4 Juni 1932, katika nyumba ya wanamuziki. Kaka yake alipuliza saksafoni, dada yake aliimba na kupiga piano. Yeye alianza piano akiwa na miaka 6 na saksafoni akiwa na miaka 11, na kabla hajatimiza 20 alikwishapita katika bendi kadhaa za dansi za ukanda ule, kisha katika okestra kubwa ya Louis Jordan, alikopuliza saksafoni ya alto, ndogo kuliko tena na ya sauti ya juu zaidi, na kuandika mipangilio. Baadaye akaingia jeshini, katika kikosi cha wanamaji, na kupelekwa Japani na Korea. Huko Tokyo alihudhuria onyesho la okestra ya simfoni iliyopiga kazi za Ravel na Hindemith, na kwa maelezo yake mwenyewe ndipo alipogundua kwamba muziki wa kisasa wa Ulaya nao unaweza kuwa na kodi nene na za ajabu kama zile alizokuwa akizisikia kwenye jazz. Aliporudi alisoma utunzi katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, akamalizia shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Lincoln kilichoko Jefferson City. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia New York, ambako miongoni mwa vibarua vyake ilikuwamo kazi ya kupanga muziki katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na sikio la bendi ya dansi, ambako wachezaji wakikaa chini umekosea, na sikio la darasani, ambako ukikosea unawekewa alama nyekundu.

Sasa tuje kwenye bluzi yenyewe, maana bila kuielewa hii huwezi kuona Nelson alikuwa anachezea nini.

Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kipimo kikiwa na mapigo manne. Hesabu moja, mbili, tatu, nne mara 12, umemaliza mzunguko, unaanza upya. Ndani yake kuna kodi tatu za msingi zinazokuja kwa mpangilio unaojulikana. Ikiimbwa, maneno yake hukaa katika mistari mitatu: wa kwanza unatoa shauri, wa pili unaurudia, wa tatu unajibu. Msomaji wa ushairi wetu hatashangaa. Mshairi wa tarbia anajua kabla ya kushika kalamu kwamba beti lake litakuwa na mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane kule, na vina vyake mahali pake. Hakuna anayemwonea huruma kwa hilo. Anajulikana bingwa kwa anachokifanya humo ndani, na msikilizaji anayezijua kanuni ndiye anayefurahia zaidi pale mshairi anapozicheza shere.

Mbali na bluzi, wanajazz wana umbo jingine wanalolipenda: vipimo 32, vilivyogawanyika katika mafungu manne ya vipimo vinane, la kwanza, la pili na la nne yakifanana, la tatu likiwa tofauti. Kodi zake walizichukua kutoka wimbo wa George Gershwin wa mwaka 1930, I Got Rhythm, wakatunga juu yake nyimbo zisizo na idadi. Nelson, katika maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwa ajili ya jalada la albamu yake, alisema wazi kwamba vipande vyote sita vimejengwa juu ya maumbo haya mawili tu. Mwaka 1961, wakati wenzake wengine walikuwa wanabomoa maumbo hayo kabisa, yeye alichagua kubaki ndani yake na kuona yanaweza kunyooshwa hadi wapi.

Rudi Stolen Moments, safari hii ukihesabu. Melodi ya mwanzo haina vipimo 12. Ina 16. Tena haikugawanyika nane kwa nane kama ambavyo ungetarajia, bali nane, sita, kisha viwili. Fungu la kwanza ni ule mwendo wa taratibu unaokaa sana kwenye kodi moja. Fungu la pili linaanza kupanda, na linakatika mapema kuliko sikio lilivyojiandaa. Vile viwili vya mwisho ni kama kufunga mlango. Lakini Hubbard anapoanza solo, umbo linageuka bila tangazo lolote: sasa ni bluzi ya vipimo 12, ya ngazi ya maina, ile ambayo masikio mengi huisikia kuwa na simanzi. Wachezaji wote wanne wa solo wanatumia vipimo 12. Melodi inaporudi mwishoni, 16 zinarudi nayo. Msikilizaji wa kawaida hajui kilichotokea. Anachohisi ni kwamba mwanzo ulikuwa na uzito fulani wa sherehe, na kwamba tarumbeta ilipoingia hewa ikafunguka. Hisia hiyo ni hesabu.

Na bado hatujagusa namna alivyozipanga zile ala nne. Tarumbeta na saksafoni tatu zingeweza kupiga melodi moja kwa sauti moja, na zingesikika kali lakini nyembamba. Zingeweza kutawanywa mbalimbali, moja juu sana, nyingine chini sana, na zingesikika pana na nyepesi. Nelson anazikaza. Anaziweka karibu karibu hadi baadhi ya sauti zinasuguana, na msuguano huo ndio unaokufanya udhani unasikia okestra ya watu 15 wakati wanaopuliza ni wanne. Jaribu kuimba melodi hiyo peke yako bila kodi zake. Ni nzuri, lakini si ile. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita wimbo hapa ni mpangilio.

Mtu wa kumsikiliza kwa makini katika hili ni George Barrow, aliyepuliza saksafoni ya baritoni. Albamu nzima hana solo hata moja. Nelson alijua kwamba wasikilizaji watampita bila kumwona, ndiyo maana kwenye maelezo ya jalada alimtaja kwa shukrani ya pekee. Ukiondoa baritoni yake chini ya zile kodi, jengo lote linaegemea upande.

Vipande vingine vinaendeleza mchezo uleule wa hesabu. Hoe-Down, uliochukua jina la dansi za vijijini Marekani, unaanza kwa sauti mbili tu zinazorushwa na kupokewa, na melodi yake ina vipimo 44, lakini solo zinapigwa juu ya 32. Cascades ulitokana na zoezi la saksafoni alilojiandikia akiwa mwanafunzi, na unasikika hivyo, vidole vikikimbia bila kupumua. Humo Nelson ameyachanganya maumbo yote mawili: amechukua lile la mafungu manne, ila mafungu matatu yanayofanana kayafanya kuwa bluzi ya vipimo 16, akaacha lile la tatu na vipimo vyake vinane. Jumla 56. Yearnin' unafunguliwa na Bill Evans kwenye piano na wenzake wa besi na dramu tu, na ukitaka kusikia harufu ya kanisa la Wamarekani weusi katika albamu hii, iko hapo. Butch and Butch ni mwepesi na mfupi, sina mengi ya kuusemea. Teenie's Blues, uliopewa jina kwa ajili ya dada yake, unawaweka Nelson na Dolphy bega kwa bega, wote wakipuliza alto, na hapo ndipo tofauti yao inapokuwa dhahiri hata kwa mgeni.

Dolphy anaruka. Anatoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa kama hakuna kitu katikati, anachelewa, anawahi, analia, anacheka. Nelson anapanda ngazi kwa ngazi. Solo yake ya tena katika Stolen Moments inafundishwa vyuoni mpaka leo kwa sababu imejengwa kama anavyojenga mtunzi: wazo moja fupi, kisha wazo lilelile juu ya kodi inayofuata, kisha lilelile likiwa limerefushwa, mpaka linafika juu na kushuka. Wapo wanaomwona mkavu kwa hilo. Mimi naona ni mtu anayeonyesha hadharani namna anavyofikiri. Miaka mitano baadaye alichapisha kitabu cha mazoezi, Patterns for Improvisation, kilichojaa mafungu mafupi ya sauti ya kujifunza kuyahamisha kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Ukikiangalia, unaiona solo ile imefumuliwa vipande vipande mezani.

Waliokuwamo studio siku ile hawakukusanywa ovyo. Paul Chambers wa besi na Bill Evans wa piano walikuwa wametoka kupiga pamoja kwenye Kind of Blue ya Miles Davis miaka miwili iliyotangulia, na walijua jinsi ya kukaa juu ya kodi moja bila kuchosha. Roy Haynes wa dramu alikwisharekodi na Nelson mwaka 1960. Hubbard alikuwa na miaka 22. Yeye na Dolphy, Desemba 1960, yaani miezi miwili tu nyuma, walikuwa ndani ya bendi pacha ya Ornette Coleman iliyorekodi Free Jazz, muziki usio na mzunguko wa kodi hata kidogo. Halafu Februari wanakaa mbele ya karatasi za Nelson na kuhesabu nane, sita, mbili. Anayedhani wanamuziki hawa walijigawa katika kambi za wahafidhina na wanamapinduzi, na aitazame tarehe hiyo.

Studio ilikuwa ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, jengo lenye paa refu la mbao lililofunguliwa mwaka 1959. Van Gelder alikuwa mpima macho kwa taaluma, aliyekuwa akirekodi jazz kwa ziada mpaka alipoamua kuifanya kazi ya kudumu. Prodyuza alikuwa Creed Taylor, aliyekuwa ameanzisha lebo mpya, Impulse, chini ya kampuni ya ABC-Paramount. Taylor alitaka santuri zake zionekane za thamani: majalada yanayofunguka kama kitabu, mgongo wa rangi ya chungwa na nyeusi. Albamu ya Nelson ilikuwa namba 5 katika mfululizo huo. Namba 4 ilikuwa Out of the Cool ya Gil Evans, naye mpangaji. Namba 6 ilikuwa Africa/Brass ya John Coltrane, ambayo Dolphy alishiriki kuipangia okestra yake. Namba tatu zinazofuatana, na katika zote kalamu ya mpangaji ina kauli sawa na midomo ya wapulizaji. Lebo ile baadaye ilijulikana kama nyumba ya Coltrane, na watu wakasahau ilivyoanza.

Ukiipenda albamu hii, kuna mbili za kuisindikiza, zote za lebo ya Prestige, zote na Dolphy na Haynes. Screamin' the Blues ya Mei 1960 ina vurugu zaidi na mpangilio haba zaidi, bado unamwona mtu anayetafuta. Straight Ahead ilirekodiwa tarehe 1 Machi 1961, siku sita tu baada ya The Blues and the Abstract Truth, bila tarumbeta, saksafoni mbili tu mbele. Ni ngumu kuamini kwamba ni juma lilelile. Ile ya Impulse imenyooshwa na kupigwa pasi. Hii watu wawili wanabishana mpaka jasho linawatoka, na Dolphy anatoa klarineti yake ya besi na kuipeleka ala hiyo mahali ambapo wengi hawakuwa wamewahi kuisikia. Kwa anayetaka kumsikia Nelson mpuliza saksafoni badala ya Nelson mpangaji, hii ndiyo ya kuanza nayo.

Baadaye mwaka uleule akapewa nafasi ya okestra kubwa, akarekodi Afro/American Sketches. Ina sehemu saba zinazosimulia safari ya watu weusi Marekani: Afrika, utumwa, kuachiwa huru, kuhamia majimbo ya kaskazini kutafuta kazi, kukuta huko nako si peponi, kisha dansi ya uhuru ambao bado unadaiwa. Majina yanatosha kukuongoza: Emancipation Blues, Going Up North, Disillusioned, Freedom Dance. Ray Barretto yupo na konga zake. Msikilizaji wa Kiafrika huenda akatabasamu kidogo kwenye Jungleaire, maana Afrika ya pale mwanzoni ni ile ya kufikirika, iliyotazamwa kutoka upande wa pili wa bahari. Lakini Emancipation Blues ni kazi nzito. Ukiusikiliza baada ya Stolen Moments unatambua mkono uleule: zile kodi zilizokazwa, sasa zikiwa na tarumbeta na tromboni nyingi nyuma yake. Hiyo ndiyo albamu ambayo ningependa izungumzwe mara nyingi zaidi ya inavyozungumzwa. Miaka minane baadaye, mwaka 1969, alikuja mwenyewe barani, akiongoza kikundi kidogo katika ziara ya Afrika Magharibi.

Kuanzia hapo jina lake linaanza kupotea kwenye majalada ya mbele na kujaa kwenye ya nyuma. Mwaka 1962 alimpangia mpiga ogani Jimmy Smith wimbo Walk on the Wild Side, ukavuma mpaka nje ya mashabiki wa jazz, na baada ya hapo simu haikuacha kulia. Alimpangia Wes Montgomery Goin' Out of My Head, Sonny Rollins muziki wa Alfie, Stanley Turrentine albamu ya Joyride, Louis Armstrong albamu ya miaka yake ya mwisho. Si zote zilifaulu. Monk's Blues ya 1968, ambamo aliwekewa mezani nyimbo za Thelonious Monk azivalishe okestra, ni mfano wa mpangaji hodari kwa mtunzi asiye wake: Monk anataka nafasi tupu, na okestra ile inazijaza. Kwa upande wa Alfie mambo ni kinyume. Rollins ni mtu wa kusimama peke yake, na Nelson akamtengenezea ukuta wa nyuma wa kuegemea bila kumbana.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanunuzi wa santuri. Mwaka 1964 Impulse ilirekodi More Blues and the Abstract Truth. Jina linaahidi mwendelezo, lakini Nelson hapulizi hata sauti moja. Amepanga na kuongoza tu, na baadhi ya nyimbo ni za watu wengine. Ajabu zaidi, kipande kinachoitwa Blues and the Abstract Truth kimo katika albamu hii ya pili. Ile ya kwanza haina wimbo wenye jina hilo. Wachezaji ni wa daraja la juu kabisa, Phil Woods kwenye alto, Thad Jones kwenye tarumbeta, Pepper Adams kwenye baritoni, na mzee Ben Webster anapita na tena yake katika nyimbo chache. Kwa masikio yangu ni albamu safi isiyo na hatari ndani yake. Hakuna Dolphy wa kuuvuruga mpangilio, na mpangilio wa Nelson unahitaji mtu wa kuuvuruga. Dolphy mwenyewe alikuwa amefariki Berlin mwezi Juni mwaka huo, akiwa na miaka 36.

Mwaka 1967 Nelson alihamia Los Angeles, na huko televisheni ikammeza. Aliandika muziki wa vipindi vya Ironside na Night Gallery, na ule wa The Six Million Dollar Man, ambao watu wazima wengi duniani wanaweza kuuimba bila kujua kwamba aliyeuandika ndiye aliyeandika Stolen Moments. Mwaka 1972 alipanga na kuongoza muziki wa Gato Barbieri katika filamu ya Last Tango in Paris. Kuna wanaoisimulia sehemu hii ya maisha yake kama msiba wa kisanii. Sina hakika. Mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kubadili hisia za msikilizaji kwa kuongeza vipimo vinne kwenye bluzi, kwa nini asifanye hivyo kwa kila sekunde 40 za televisheni, na kulipwa? Kinachosikitisha ni kwamba saksafoni yake yenyewe ilirekodiwa mara chache zaidi. Sound Pieces ya 1966 inaonyesha alichokuwa nacho: humo anapuliza soprano, ala ambayo umma haukuzoea kumsikia nayo, sehemu nyingine na okestra na sehemu nyingine na watu watatu tu, piano, besi na dramu.

Alifariki Los Angeles tarehe 28 Oktoba 1975 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 43.

Kama unataka njia moja ya kuona mpangaji anafanya nini, usianze na vitabu. Tafuta Stolen Moments katika matoleo manne, yote yamepangwa na Nelson. La kwanza ni la Septemba 1960, katika albamu ya Trane Whistle ya Eddie "Lockjaw" Davis, ambako unaitwa The Stolen Moment na unapigwa na bendi kubwa. Dolphy, Barrow na Haynes wote walikuwamo studio siku hiyo, hivyo miezi mitano baadaye walipoukuta tena hawakuwa wageni. La pili ni lile la 1961, la watu saba. La tatu ni la Swiss Suite, lililorekodiwa jukwaani katika tamasha la Montreux, Uswisi, Juni 1971, na okestra nzima. La nne ni la 1975, mwaka wake wa mwisho, aliporekodi kwa ajili ya lebo ya Kijapani albamu iliyobeba jina la wimbo huo. Melodi haibadiliki. Hesabu 16 mwanzoni mwa kila moja, kisha msikilize aliyekaa chini kabisa ya zile kodi, uone anapewa nini cha kupiga.